Mume wangu amesema basi, lakini Mathayo 25 hainipi usingizi

Bwana Yesu asifiwe, Mama.

Nasoma safu yako kila wiki, na leo nimeona nami nilete langu. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili. Tunaishi katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo majirani wengi tunajuana kwa sauti tu. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Mimi niko kwaya na nimo katika kikundi cha akina mama.

Jambo lenyewe lilianza vizuri. Miaka michache iliyopita nilimsaidia dada mmoja aliyetolewa kwenye chumba alichopanga, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Tulikaa naye mpaka akapata pa kwenda, na baadaye akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akanitaja kwa jina. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Wanapiga watu wa kanisani, watu wa mtaani, watu waliotumwa na watu nisiowajua. Huyu kodi, huyu dawa, huyu nauli ya kurudi kwao, huyu ada. Wengine walipanda ngazi wakabisha hodi tukiwa mezani. Niliwapa. Nisipokuwa nacho nilikopa, na mara nyingine sikumwambia mume wangu.

Kisha akaja kijana ambaye nilikuwa namfahamu kwa sura, hukaa viti vya nyuma ibada ya pili. Alilia mbele yangu kwamba mama yake amefariki na hana hata nauli ya kwenda kumzika. Nilichukua fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya ada ya mwanetu wa kwanza, nikampa, nikamwombea, nikamsindikiza hadi chini. Majuma kadhaa yakapita. Jumapili moja mama mmoja akanishika mkono kwenye ngazi za kanisa: "Kumbe ndiye wewe! Mwanangu anakusifu sana." Nikamwuliza mwanao yupi. Akanionyesha kwa kidole. Kijana yuleyule, amesimama karibu na geti, shati jipya, macho chini. Mama, nilikuwa nimeshikana mkono na marehemu.

Mume wangu alipopata habari hakugomba. Ni afadhali angegomba. Alisema tu, "Basi. Kuanzia leo anayetaka msaada aende ofisini kwa mchungaji, kuna mfuko wa diakonia. Sitaki tena mtu apande ngazi hizi." Nimetii. Lakini ofisi hiyo naijua. Inafunguliwa siku moja kwa juma, unajaza fomu, fomu inasubiri kikao, kikao kinamsubiri mwenyekiti. Mwenye mtoto mgonjwa atasubiri mpaka lini?

Sasa nimekuwa mtu wa kujificha. Namba nisiyoijua sipokei. Kuna baba asiyeona anayekaa na bakuli lake karibu na kituo cha basi. Zamani nilikuwa namsalimia, siku hizi napita upande wa pili wa barabara, kana kwamba ataniona. Hata bibi wa ghorofa ya kwanza, ambaye hajawahi kuniomba chochote, nikimkuta anapandisha mfuko wake ngazi moja moja, anapumzika, anapandisha tena, napita haraka nisije nikamfungulia mlango naye akaanza. Usiku nikishika Biblia inajifungua palepale: "Nalikuwa na njaa, msinipe chakula."

Naomba unisaidie. Kumnyima anayeomba ni dhambi? Nitajuaje wa kweli na wa uongo? Nifanyeje na mume wangu, ambaye si mtu mbaya, ila amechoka? Na yule kijana nimfanye nini, maana bado tunashiriki meza moja ya Bwana?

Ni mimi,
Niliyechoka Mlangoni

*

Amina, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijagusa maswali yako nataka nikuonyeshe kitu ulichokiandika bila kukusudia. Umenieleza habari za dada mwenye mtoto mchanga, za watu wa simu, za kijana wa msiba wa uongo. Wote hao waliomba. Yuko mmoja ambaye hakuomba, nawe ukampa sentensi moja kisha ukampita, kwenye barua kama unavyompita kwenye ngazi. Nitamrudia huyo bibi.

Kumnyima anayeomba ni dhambi? Sitakudanganya kwamba Bwana hakusema neno hapo. Alisema, "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Hilo limo, Mathayo 5:42, na wahubiri tumezoea kulipunguza makali mpaka halikati kitu. Lakini yeye aliyesema hayo mtazame alivyoishi. Kapernaumu, baada ya jioni ya kuponya wagonjwa, aliamka alfajiri akaenda kuomba mahali pasipo watu. Wanafunzi wakamfuata: "Watu wote wanakutafuta." Akajibu twendeni mahali pengine. Watu walikuwa bado wanamtafuta, na akaondoka. Katika Yohana 5 aliingia kwenye matao ya birika palipolala wagonjwa wengi, vipofu, viwete, waliopooza. Akamwendea mmoja, aliyekuwa katika hali hiyo miaka 38, akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Mmoja. Wale wengine Injili haisemi lolote juu yao siku ile.

Kwa hiyo kama Mwana wa Mungu akiwa katika mwili hakumaliza shida za mji mmoja, wewe wa ghorofa ya tatu hukuitwa kumaliza za jiji zima. Kusema "sina" si dhambi. Kusema "hili siliwezi" si dhambi. Kinachokunyima usingizi, nadhani, si zile fedha ulizoacha kutoa bali kile kisogo. Huyu baba wa kituo cha basi hakuna sheria inayokudai umwekee kitu kwenye bakuli kila siku. Lakini ulikuwa unamsalimia, na sasa amepoteza salamu pamoja na fedha. Petro na Yohana walipokutana na kiwete kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, kwanza walimkazia macho, wakamwambia, "Tutazame sisi." Halafu ndipo Petro akasema hana fedha wala dhahabu. Kwanza uso, kisha ukweli juu ya mfuko. Kesho pita upande wako wa zamani wa barabara. Mwambie habari za asubuhi, mwulize jina lake kama hujawahi, na kama siku hiyo hutoi, mwambie kwa mdomo: "Baba, leo sina cha kukupa, nimekusalimia tu." Utashangaa jinsi sentensi hiyo ilivyo nyepesi ukishaisema mara ya kwanza.

Sasa mumeo.

Hapa nitakuwa upande wake kidogo, univumilie. Mkopo aliokuwa haujui ndio uliomchosha, kuliko maskini wote waliopanda ngazi. Fedha ya ada ilikuwa ya watu wanne, ukaitoa peke yako. Paulo anaandika kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", na wewe ulikuwa unatoa kwa vyote viwili: huzuni ya kuona, na lazima ya jina ulilopewa kanisani. Halafu mtazame vizuri alichosema. Hakusema msiwasaidie watu. Amesema wasipande ngazi, na waende mahali palipo na utaratibu. Mzee wa kanisa anayesema hivyo, ukimpelekea utaratibu mzuri mkononi, atakuwa na sababu gani ya kukukatalia?

Kaa naye siku ambayo hakuna aliyebisha hodi, msome pamoja Mambo ya Walawi 19, mstari wa 9 na wa 10. Mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba lake, wala asiokote masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Angalia amri hiyo inavyofanya kazi. Pembe zinaachwa kabla mtu hajaja kuomba. Mwenye shamba hamhoji anayeokota, wala haamki usiku kujiuliza kama ametoa kidogo. Lakini pia hakuna anayeingia kuvuna katikati ya shamba. Ruthu alipata chakula chake na cha mkwewe hivyohivyo, kwa kuokota nyuma ya wavunaji, kwa jasho lake. Basi nanyi pangeni pembe zenu. Mapato yakiingia, kiasi fulani mlichokubaliana kinatengwa pembeni, kiwe kidogo kiasi gani, na wote wawili mnajua kilipo. Kikiwepo unatoa bila kuomba ruhusa. Kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao, na hapo jibu lako kwa anayeomba ni la kweli, si kisingizio. Ada ya watoto haimo kwenye pembe. Mikopo haimo. Na kumlaza mtu nyumbani halimo mpaka mmekubaliana nyote wawili. Wewe ukiwa peke yako na watoto, mgeni usiyemjua umpokee barazani au kanisani, hiyo ni busara tu wala si ukosefu wa imani.

Umeuliza utajuaje wa kweli na wa uongo. Hutajua. Si kila mara. Mwenye shida ya kweli naye huongeza chumvi, kwa sababu amejifunza kwamba shida ndogo haisikilizwi. Na tapeli wa leo anaweza kuwa na njaa ya kweli kesho. Mimi ningekushauri uache kujaribu kuupima moyo wa mtu kwa machozi yake, ubadilishe aina ya msaada. Ni dawa? Nenda naye dukani ukanunue dawa. Ni nauli? Mkatie tiketi. Ni kodi? Ongea na mwenye nyumba, umlipe yeye, upate na risiti. Na zaidi ya yote, sema neno hili: "Twende wote." Aghalabu mwenye shida anafurahi kwa sababu amepata mwenzi, na mwenye hadithi anakumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Hapo nataka nikae kidogo, maana watu wengi wa kanisa hawalioni. Mjini maskini hakosi fedha tu. Anakosa mtu. Jiji lina hospitali, lina ofisi ya ustawi wa jamii, lina mahali pa kulala wasio na makao, lina watu wa msaada wa kisheria, lakini kila kimoja kina dirisha lake, fomu yake, foleni yake na lugha yake ya dharau. Mama mwenye watoto wawili wadogo anaambiwa alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Anarudi nyumbani kukitafuta, anarudi nacho, anaambiwa afisa ameshatoka, njoo keshokutwa. Keshokutwa hana wa kumwachia watoto, anakwenda nao, mdogo analia kwenye foleni, mlinzi anamwambia atoke nje amnyamazishe, anapoteza zamu. Kufikia hapo anaacha, anakuja kubisha kwako. Ukimpa fedha, juma linalofuata atakuwa palepale. Lakini mtu mmoja aliyevaa vizuri, anayejua kusoma fomu, akisimama naye kwenye lile dirisha kwa nusu siku, mara nyingi mlango unafunguka na haufungi tena. Huo ni utumishi ambao haukopi benki wala haugusi ada ya mtoto. Unagharimu saa, na ndiyo maana wengi tunapenda kutoa fedha. Fedha inamaliza mazungumzo.

Yule Msamaria tunamhubiri kila mwaka kana kwamba aliacha yote. Soma tena Luka 10. Alisimama, alifunga jeraha, alimpandisha mnyama wake, akamwuguza usiku ule. Asubuhi akatoa dinari mbili. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, unaikuta katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20; kwa hiyo alitoa ujira wa siku mbili, si mali yake yote. Akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, mtu ambaye kazi yake ni vitanda na chakula, akasema atarudi kulipa kitakachozidi, akaendelea na safari. Hakupeleka majeruhi nyumbani kwake, wala hakufuta safari, wala hakutafuta majeruhi wengine wote wa njia ya Yeriko. Alimshughulikia huyu hadi akawa salama mikononi mwa mwingine, na akaacha neno la kurudi. Kwa mkazi wa mjini hakuna mfano bora kuliko huo, na yule mwenye nyumba ya wageni sijui kwa nini hatumhubiri.

Sasa bibi wa ghorofa ya kwanza.

Mwanasheria alimwuliza Yesu, "Na jirani yangu ni nani?", akitaka orodha. Wewe huhitaji orodha, unaye kwenye ngazi. Wanaobisha hodi wana nguvu za kubisha. Wana simu, wana miguu, wana maneno. Mzee anayepumzika kila ngazi ya tatu hana hayo, na kwa sababu haombi, jiji zima linampita likikimbilia wanaoomba. Mchukulie mfuko. Ni hilo tu siku ya kwanza, mfikishe mlangoni, mwambie jina lako na ghorofa yako, uondoke. Siku nyingine utamwuliza kama ana wana, kama ana dawa za kila siku, nani anampeleka hospitali. Watoto wako wanaweza kumpelekea kitu, na watarudi na hadithi. Mume wako hatapinga hilo, kwa kuwa hapandi mtu. Wewe ndiye unayeshuka. Na nikuambie kitu ambacho hukuniuliza: ningependa huyo awe ndiye mtu wako. Mtu mmoja, kwa jina, kwa miaka. Wengine wote wapate salamu, na pembe za shamba zikiwepo, na njia ya kwenda ofisini. Bibi apate wewe.

Kuhusu kijana. Amekuona, mama yake amekuona, na kila Jumapili anakaa viti vya nyuma akisubiri radi. Usimsemee kwenye kikundi cha akina mama, ingawa ni hadithi tamu. Mathayo 18:15 inakutuma kwake mkiwa wawili tu. Mwite baada ya ibada, mahali pa wazi, mumeo akiwa hatua chache, umwambie: "Ulinidanganya, na fedha ile ilikuwa ada ya mtoto. Nimekusamehe. Sitakupa fedha tena. Ukiwa na shida ya kweli njoo useme ukweli, tutakwenda wote." Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Labda ataanza kurudisha kidogo kidogo; akirudisha pokea, usimwambie aache, kumwachia ni kumnyima nafasi ya kusimama wima. Labda atahama kanisa. Kusamehe kumekwisha upande wako kwa vyovyote. Watu hupenda kumnukuu Paulo hapo, kwamba "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula", lakini Paulo amesema asiyetaka. Aliyetafuta kazi jiji zima akakosa si mtu wa mstari huo. Sijui kijana wako ni yupi kati ya hao wawili, na pengine hata wewe hujui. Mwulize.

Inabaki ofisi ya mchungaji, na hapo sikuachii utoroke.

Ule ushuhuda uliotolewa kanisani ulikuwa wa kweli na ulitolewa kwa shukrani, ila uliitangazia ibada nzima kwamba huruma ya kanisa lenu ina namba moja ya simu. Kosa si lako wala la yule dada. Ni kanisa ambalo halikuwa na mahali pengine pa kuwaelekeza watu. Mwaka 1617 padri mmoja wa Ufaransa, Vincent de Paul, alihubiri katika mji mdogo wa Châtillon habari za familia moja iliyougua nyumba nzima bila wa kuihudumia. Mchana huohuo njia ikajaa watu wanaopeleka vyakula. Yeye alipofika hakufurahi kama unavyodhani. Aliona chakula kingi cha siku moja ambacho kingeharibika, na kesho familia ile ingerudi kwenye njaa yake. Akawakusanya wanawake wachache wa parokia, wakapanga zamu: leo fulani anapika na kupeleka, kesho fulani, na hesabu ya fedha iandikwe. Utaratibu ule wa zamu ulienea, ukaingia Paris, na mwaka 1633 yeye na Louise de Marillac wakaanzisha shirika la masista wa kuhudumia maskini na wagonjwa majumbani mwao. Upendo ulikuwepo Châtillon tangu ile Jumapili. Kilichokosekana kilikuwa zamu.

Wakristo wa kwanza walilijua hilo mapema. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume hawakusema "tutajitahidi zaidi". Walisema chagueni watu saba. Majina ya wote saba, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kiyunani. Yaelekea upande uliokuwa ukinung'unika ndio uliokabidhiwa kazi, jambo ambalo nakuomba ulitafakari, wewe unayejua fomu inasubiri kikao na kikao kinasubiri nani. Katika 1 Timotheo 5 kuna orodha ya wajane yenye masharti: miaka 60 na kuendelea, na wenye ndugu walioamini watunzwe kwanza na ndugu zao ili kanisa lisilemewe. Na mwishoni mwa karne ya 4, katika Antiokia, mji mkubwa wenye matajiri na ombaomba kama jiji lako, Yohana Krisostomo aliwahubiria watu wake akichambua Mathayo kwamba kanisa lile lilikuwa likiwatunza wajane na mabikira wapatao 3,000 walioandikwa kwenye orodha. Kisha akawapigia hesabu: maskini wa mji wakigawanywa kwa wenye nacho, hawatafika hata mmoja kwa watu 50, pengine 100. Aliwaambia hivyo ili waone aibu, lakini mimi nikiisoma napata faraja. Mzigo ambao umeubeba peke yako, tangu zamani ulihesabiwa kuwa wa watu hamsini.

Kwa hiyo nenda kwa mchungaji pamoja na mumeo, yeye ni mzee na neno lake lina uzito. Msiende na malalamiko, nendeni na mnachojitolea kufanya. Ombeni watu watatu au wanne wasio na midomo mirefu, wa kupokea wenye shida kwa zamu mara mbili kwa juma badala ya mara moja. Ombeni kiasi kidogo cha dharura ambacho wawili wakikubaliana kinatoka siku hiyohiyo bila kungoja kikao; ile fomu ibaki kwa mambo makubwa. Daftari moja: jina, tarehe, shida, alichopewa, nani atamfuatilia. Daftari linafungiwa kabatini, halisomwi kwenye maombi ya pamoja, na hakuna kumpiga mtu picha akipokea. Mwislamu au asiye na dini akija anapata kama mwingine yeyote, bila kuulizwa atakuja lini ibadani. Kurasa za nyuma za daftari andikeni kila zahanati, ofisi ya ustawi, nyumba ya kulala na wakili wa msaada mnayemfahamu, saa zao za kufungua, na jina la mtu wa ndani anayejibu vizuri. Hilo la mwisho lina thamani kuliko mfuko mzima. Simu yako binafsi itoke kabisa kwenye huduma hii, iwekwe ya ofisi. Anayekupigia wewe umpe namba hiyo na siku yako ya zamu, akukute pale.

Mchungaji akikubali, anzeni na mitaa inayozunguka kanisa tu. Mitaa mingine ina makanisa yake, nayo muyaandike kwenye kurasa hizohizo za nyuma.